Umekula Nyama Siku ya Mfungo wa Kwaresima kwa Kupitiwa: Hatua za Kufuata

Ijumaa ya Kwaresima, saa saba mchana. Nusu ya sahani ya pilau imeshaingia tumboni ndipo mwenzako mezani anauliza, "Kwani leo si Ijumaa?" Mwongozo huu ni wa dakika hiyo na wa saa zinazofuata. Umeandikwa kwa Wakatoliki wa mapokeo ya Kilatini, ambao ndio wengi wa Wakatoliki wa Afrika Mashariki. Waorthodoksi, Walutheri na Waanglikana wana sehemu yao fupi kule chini.

Jibu fupi ni kwamba aliyekula kwa kusahau au kwa kutojua hana dhambi. Yanabaki maswali mawili ya kazi: siku iliyobaki unaimalizaje, na je, kweli hukujua?

Hatua ya 1: Acha hapo hapo, lakini usijitapishe

Ukikumbuka, acha nyama. Kipande kilichomo mdomoni kitoe kwenye tishu kama unaweza kufanya hivyo bila kuwatia watu kinyaa. Kama huwezi, kimeze yaishe. Usitie kidole kooni. Sheria inakataza kula nyama, na kula kumeshatokea bila kukusudia. Kutapika hakufuti chochote, na asidi ya tumbo inachubua koo na meno.

Sogeza nyama pembeni mwa sahani, malizia wali au ugali kwa mboga. Ukiwa ugenini, sentensi moja yatosha: "Mama, samahani, nimepitiwa kwamba leo ni Ijumaa ya Kwaresima, ngoja nimalizie kwa hii mchicha." Wenyeji wengi, hata wasio Wakristo, wanaelewa mambo ya kufunga kuliko unavyodhani. Maelezo marefu ndiyo yanayowafanya wajione wamekosea.

Kosa linalofuata kupitiwa mara nyingi huwa kubwa kuliko kupitiwa kwenyewe: "Siku imeshaharibika, basi nimalizie tu." Katazo la nyama haliharibiki kwa kijiko cha kwanza. Linahesabika kila unapokula, kwa hiyo tonge ulilokula hujui si lako, na tonge unalokula baada ya kukumbuka ni lako. Wanateolojia wa maadili wa zamani walilisema hivi: katazo la nyama linagawanyika. Mfungo wa kiasi cha chakula una hesabu yake nyingine, tutaufikia.

Hatua ya 2: Tambua ulikuwa unashika mfungo upi

Watu huita vitu vinne tofauti "kufunga", kisha wanashindwa kujua wamevunja nini.

Cha kwanza ni kutokula nyama. Kwa kanuni 1251 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983, katazo hili ni la Ijumaa zote, isipokuwa Ijumaa iliyoangukiwa na Sherehe, yaani sikukuu ya daraja la juu kabisa ya Kanisa, pamoja na Jumatano ya Majivu. Linamhusu aliyetimiza miaka 14, hata awe mzee wa miaka 90. Kanuni 1253 inaruhusu Baraza la Maaskofu la nchi kupanga namna nyingine ya toba, ndiyo maana Ijumaa za kawaida za mwaka zinatofautiana nchi kwa nchi. Kwa Kwaresima, sikiliza tangazo linalosomwa parokiani Dominika inayotangulia Majivu.

Cha pili ni kufunga kwenyewe, yaani kula mlo mmoja kamili. Hiki ni cha siku mbili tu kwa mwaka: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Kinamhusu aliyetimiza miaka 18 mpaka anapotimiza 59. Siku hizo mbili zina mambo yote mawili, kufunga na kutokula nyama. Hapa pana mtego wa kwetu. Amri ya Kanisa waliyokariri wengi kwenye mafundisho inasema, "Funga siku ya Jumatano ya Majivu, usile nyama siku ya Ijumaa Kuu." Ni muhtasari wa kukariri watoto. Aliyeushika neno kwa neno anaona nyama ni ruksa Majivu, na milo mitatu ya kushiba ni ruksa Ijumaa Kuu. Yote mawili si sahihi.

Cha tatu ni mfungo wa Ekaristi, saa moja kabla ya Komunyo. Upo mwaka mzima, nao una hatua yake hapa chini.

Cha nne ni azimio lako: kuacha soda, bia, sukari, mitandao, au kufunga kutwa kama mlivyopanga kwenye Jumuiya. Hilo si sheria ya Kanisa. Ukinywa soda kwa kusahau tarehe 10 Machi, umeteleza kwenye azimio, hujavunja amri. Endelea kesho.

Siku yenyewe inahesabiwa saa sita usiku hadi saa sita usiku. Watu wa pwani waliozoea kuhesabu siku kuanzia magharibi, na walevi wa nyama choma wa Alhamisi, wote waliangalie hili. Alhamisi saa tano usiku nyama bado ni halali. Saa sita na nusu ya usiku huo huo ni Ijumaa tayari, hata kama bado mnasema "jana" mkimaanisha Jumatano.

Hatua ya 3: Hakikisha ulichokula ni nyama

Kiswahili chetu cha mezani kinatuponza. Mamantilie anauliza, "Wali nyama, wali kuku au wali samaki?" Kwa hesabu hiyo, nyama ni ya ng'ombe au mbuzi, na kuku ni kitu kingine. Kwa hesabu ya Kanisa, kuku ni nyama. Bata, kanga na njiwa pia. Maini, utumbo, firigisi, makongoro, soseji, mishikaki na kima iliyomo ndani ya sambusa ni nyama. Aliyeagiza wali kuku Ijumaa akiamini ameikwepa nyama hakukusudia kuvunja kitu. Sasa ameshajua, na wiki ijayo ataagiza maharage.

Visivyo nyama kwa sheria hii ni samaki wa aina zote, dagaa, kamba, ngisi, pweza na kaa. Mayai, maziwa, jibini, siagi na samli viliruhusiwa wazi katika hati ya Papa Paulo VI iitwayo Paenitemini, ya tarehe 17 Februari 1966. Kwa hiyo chipsi mayai ni halali, hata kama kikaango kilitangulia kupikiwa soseji, kwa kuwa hati hiyo hiyo inaruhusu viungo vya chakula hata vinavyotokana na mafuta ya wanyama. Kumbikumbi, ambao mvua za masika huwatoa ardhini katikati ya Kwaresima, hawamo kwenye kundi la wanyama wa damu moto na ndege ambao ndio "nyama" ya sheria hii. Senene wa Kagera vilevile.

Mchuzi ndio unaoleta ubishi. Sheria ya mwaka 1917 ilikataza nyama na mchuzi wa nyama, ikavitaja vyote viwili. Hati ya 1966 inataja nyama peke yake. Matokeo yake kwa vitendo:

Mchemraba wa supu wenye ladha ya ng'ombe, au unga wa mchuzi, ni kiungo. Usihangaike nao.

Wali wa pilau ambao nyama yake umeiacha pembeni haukatazwi na maneno ya sheria ya sasa. Hata hivyo kuagiza pilau Ijumaa kwa hesabu ya kuiacha nyama ni ujanja wa kisheria, na unajua mwenyewe. Ukishaukuta umeula, huna la kurekebisha.

Supu ya mbuzi, ya makongoro au ya kuku yenye vipande ni nyama, kuwe na ubishi au kusiwe. Mtori wenye nyama iliyopondwa humo humo ni nyama, hata kama kijiko hakioni kipande. Kisusio kina damu na nyama, kiache.

Kama ulichokula kimeangukia upande wa vilivyoruhusiwa, mwongozo unaishia hapa kwako. Nawa mikono, endelea na kazi.

Hatua ya 4: Okoa siku, kama ni Majivu au Ijumaa Kuu

Siku hizi mbili unaruhusiwa mlo mmoja wa kushiba na milo miwili midogo ya kukupa nguvu. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba ile midogo miwili ukiijumlisha isifikie mlo kamili mwingine. Vitabu vya maadili vya zamani vilipima kwa wakia: kama 2 asubuhi na kama 8 jioni, yaani takriban gramu 60 na gramu 230. Sheria ya leo haina mizani, lakini vipimo hivyo vinasaidia jicho. Gramu 60 ni kama slesi mbili za mkate. Gramu 230 ni sahani ndogo ya ugali na mboga, ambayo ukimaliza ungetamani kuongeza.

Sasa umeamka Jumatano ya Majivu umesahau, ukanywa chai kwa chapati tatu na mayai mawili. Watu wengi hapa hukata tamaa, au huamua kushinda njaa hadi kesho yake kama adhabu. Hakuna haja ya lolote kati ya hayo. Sheria haisemi mlo kamili uwe mchana. Kile kilichotokea asubuhi kihesabu kuwa ndio mlo wako kamili wa leo. Mchana kula kidogo, jioni kula kidogo, na umefunga kama inavyotakiwa.

Kama ulishtuka baada ya chakula cha mchana, na asubuhi pia ulikuwa umeshiba, milo mikubwa ni miwili tayari na siku haiwezi kuhesabika kuwa ya mlo mmoja. Huna kosa kwa yaliyopita. Jioni kula kidogo sana au usile, kulingana na afya yako, na nyama ibaki nje ya sahani, kwa kuwa katazo lake bado liko hai hadi saa sita usiku.

Vitafunwa kati ya milo ndivyo vinavyopenya kimya kimya. Karanga za mia tano stendi, kipande cha muhogo wa kuchoma ulichogawiwa, biskuti ya mtoto iliyobaki. Hivi ni chakula. Vihesabu ndani ya mlo mdogo unaofuata, upunguze kiasi hicho hicho. Vinywaji havivunji mfungo huu: maji, chai, kahawa, juisi. Uji si kinywaji kwa maana hii, wala supu. Hushibisha na tunaviandaa vishibishe. Kuonja chumvi ukipika si kula. Dawa si chakula, hata ile inayotakiwa kunywewa na kitu tumboni. Kula hicho kitu.

Mjamzito, anayenyonyesha, mgonjwa, mwenye kisukari anayehitaji kula kwa saa, na mtu wa kazi nzito asiyeweza kuifanya bila chakula hawabanwi na mfungo. Mwenye kisukari aliyeshuka sukari Ijumaa Kuu saa tano asubuhi akanywa soda na kula andazi hajavunja chochote, na hatakiwi kusubiri kibali cha mtu.

Hatua ya 5: Jiulize kama kweli hukujua

Hatua hii ndiyo yenye uzito, nayo watu huiruka kwa sababu neno "bahati mbaya" linafariji. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1857, inataka vitu vitatu kwa pamoja ili pawe na dhambi ya mauti: jambo zito, ufahamu kamili, na ridhaa ya makusudi. Namba 1860 inasema kutojua kusikokusudiwa kunaweza kupunguza lawama au kuiondoa kabisa. Lakini namba 1791 inamzungumzia mtu asiyejali kutafuta ukweli. Huyo kutojua kwake hakumsafishi.

Jiulize hivi, kwa utaratibu huu.

Kabla ya kula, je, wazo la "leo ni Ijumaa" lilipita kichwani, hata kwa sekunde? Kama halikupita kabisa, ulisahau. Hakuna kosa.

Je, ulishuku sambusa ina nyama ukaamua usiulize, ili uendelee kutojua? Hapo hukusahau, ulifumba macho. Kosa lipo, ingawa ni dogo kuliko la aliyekula akijua wazi.

Je, ulikumbuka katikati ukamaliza? Nusu ya kwanza si yako, nusu ya pili ni yako.

Je, ulimaliza kwa sababu ya aibu mbele ya mkwe, au kwa hofu ya bosi aliyekununulia? Hofu na shinikizo hupunguza lawama. Wanateolojia pia wanakubali kwamba sheria ya Kanisa ya namna hii haimbani mtu pale ambapo kuishika kungeleta madhara makubwa. Macho ya wenzako kukutazama kwa dakika mbili si madhara makubwa.

Je, hukuwahi kufundishwa, kwa mfano wewe ni mwongofu wa mwaka huu, au uko na miaka 15 na nyumbani waliambiwa watoto hawahusiki? Hakuna kosa kwa ya nyuma.

Kuhusu uzito, hati ya 1966 inasema kushika siku za toba kwa kiini chake ndiko kunakobana kwa uzito, na Roma ilifafanua mwaka 1967 kwamba hilo linahusu siku hizo kwa ujumla wake, si kila siku moja moja. Anayezidharau zote mwaka baada ya mwaka yuko mahali tofauti na aliyekula mshikaki mmoja Ijumaa moja.

Hatua ya 6: Komunyo

Kula nyama kwa kusahau hakukuzuii kukomunika, siku hiyo wala Dominika.

Mfungo wa Ekaristi una mantiki nyingine, na hapa wengi huchanganya. Kanuni 919 inataka saa moja bila chakula wala kinywaji kabla ya kupokea Komunyo, maji na dawa vikiwa nje ya katazo. Saa moja ni saa moja, hata kama andazi ulilila kwa kusahau. Huna dhambi ya kula andazi, lakini dakika hazijatimia.

Kabla ya kuhuzunika, piga hesabu vizuri. Saa huhesabiwa mpaka Komunyo yenyewe, si mpaka Misa inapoanza. Ukila karanga getini saa 12:50 asubuhi na Misa ya Dominika ianze saa 1:00, kwenye parokia yenye kwaya ndefu na matangazo Komunyo hufika baada ya saa 2:00 na umeshatimiza. Misa ya siku ya kazi ya dakika 35 haitakupa nafasi hiyo. Ikipungukiwa, kaa kwenye benchi, sali komunyo ya tamaa (kumwomba Yesu aje moyoni bila kupokea Hostia), au hudhuria Misa inayofuata. Wazee, wagonjwa na wanaowahudumia hawabanwi na saa hii. Ijumaa Kuu haina Misa, lakini Komunyo hutolewa kwenye adhimisho la Mateso ya Bwana alasiri, kwa hiyo chakula chako cha mchana kiishe mapema.

Bibi anayekwambia ukinywa hata tone la maji alfajiri usikomunike hakosei kumbukumbu. Kabla ya 1953 mfungo ulianza saa sita usiku na maji yalikatazwa. Yakaja mabadiliko, zikawa saa tatu mwaka 1957, kisha saa moja mwaka 1964. Umweleze kwa adabu, na usimlazimishe.

Hatua ya 7: Kuungama na kufidia

Kama Hatua ya 5 imekuonyesha ulisahau kabisa, huna cha kuungama. Kama imekuonyesha sehemu ya makusudi, itaje kwenye kitubio chako cha kawaida cha Kwaresima kwa maneno machache: "Ijumaa moja nilikula nyama, nilikumbuka katikati nikamaliza." Siku, kitendo, ulichojua. Padre hahitaji kujua ilikuwa ya kuchoma au ya rosti, wala nani alikualika.

Usiungame jambo hilo hilo tena na tena kwa mapadre tofauti ukitafuta uhakika. Dhamiri yenye wasiwasi hailishwi namna hiyo, inazidi kuwa na njaa. Chagua padre mmoja, mweleze mara moja, ushike atakachosema.

Kwa anayeishi na Waislamu, na wengi wetu tunaishi nao, kuna fikra ya "kulipa siku". Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu ilikuwa 18 Februari na Ramadhani ikaanza wiki hiyo hiyo, kwa hiyo mifungo miwili ilikuwa nyumba kwa nyumba. Sheria ya Kikatoliki haina kadha. Hulipi Ijumaa kwa Jumamosi, na hakuna siku ya mfungo inayowekwa Dominika kufidia. Wala kwa Waislamu wa mwambao, ambao wengi ni Washafii, aliyekula kwa kusahau hadaiwi siku. Huendelea na saumu yake.

Ukitaka kufanya kitu kwa hiari, njia rahisi ni kutoa sadaka bei ya sahani ile. Kama pilau ilikuwa shilingi 3,000, ziweke kwenye mchango wa maskini wa Jumuiya wiki hiyo. Au sali Njia ya Msalaba ya jioni. Kimoja chatosha, na usijiongezee siku nzima bila kula ukiwa na ratiba ya kazi kesho.

Kama wewe ndiye uliyepika

Mpishi wa nyumbani au wa bwalo aliyesahau siku akaunga nyama kwenye maharage hajawatia watu dhambini. Waliokula hawakujua. Ukigundua sufuria bado iko jikoni, tenga chakula kingine kama kipo: mayai ya kuchemsha hupatikana haraka kuliko kitu chochote. Ukigundua wakati wa kula, mwambie mwenye nyumba au mlezi kwa sauti ya chini, si tangazo la bwalo zima. Ukigundua baada ya kula, waambie wale ambao wangependa kujua, wengine waache.

Shuleni ambako Ijumaa ndiyo siku pekee ya nyama kwa wiki na hakuna mboga mbadala, mlezi wa wanafunzi Wakatoliki aende kwa paroko kabla ya Kwaresima. Kanuni 1245 inampa paroko uwezo wa kuwaondolea watu wake wajibu wa siku ya toba, au kuubadilisha kuwa tendo lingine jema, kwa sababu ya haki. Kibali kiombwe mapema, hakirudi nyuma.

Nadhiri si azimio

Ulisema "Kwaresima hii sinywi bia" ukiwa na marafiki? Hilo ni azimio. Uliahidi mbele ya Mungu, kwa hiari na kwa kufikiri, kwamba ukifaulu jambo fulani hutakunywa? Hiyo ni nadhiri, na kanuni 1191 inaibana. Kuisahau kwa glasi moja si dhambi pia, lakini huwezi kuifuta mwenyewe kwa kuwa imekuwa ngumu. Unaweza kuibadilisha kwa jema lililo sawa nayo au kubwa zaidi. Ukitaka kitu kidogo zaidi au kuondolewa kabisa, nenda kwa paroko.

Waorthodoksi, Walutheri, Waanglikana

Kwa Waorthodoksi wa Kenya, Uganda na Tanzania walio chini ya Patriaki wa Aleksandria, Kwaresima Kuu huanza Jumatatu, na katazo ni pana: nyama, samaki, mayai, maziwa, na siku za wiki hata mafuta na divai. Samaki huruhusiwa sikukuu ya Kupashwa Habari, 25 Machi, na Dominika ya Matawi. Kwa upana huo kuteleza ni rahisi mno, maana andazi tu lina maziwa. Desturi ni kumweleza baba wa kiroho ukikutana naye, na kuendelea kwenye mlo unaofuata bila hesabu za uzito. Walutheri na Waanglikana hushika Kwaresima pia, ila kufunga ni hiari ya mtu. Kwao yanayohusu azimio hapo juu yanatosha.

Ya kupanga kabla

Kiporo cha Alhamisi ndicho kinachoangusha wengi. Nyama ya Alhamisi usiku inabaki, asubuhi inapashwa kwa chapati, hakuna aliyewaza. Wiki za Kwaresima pika nyama Jumatano, Alhamisi imalize au igandishe, na nunua dagaa au samaki wa Ijumaa siku hiyo ya Alhamisi, kabla foleni na bei hazijapanda.

Ukialikwa futari Ijumaa, tende, mihogo na magimbi ya nazi, kaimati, maharage na samaki vitakushibisha. Sambusa na supu ziulizie. Na kwa muuzaji usiulize "kuna nyama?", maana atajibu "hapana, ni kuku". Uliza, "Ndani kuna nini?"

Mwisho, kalenda. Mwaka 2027 Jumatano ya Majivu ni 10 Februari. Ijumaa ya 19 Machi inaangukiwa na Sherehe ya Mtakatifu Yosefu, kwa hiyo siku hiyo nyama ni ruksa ingawa ni Kwaresima, na atakayeila asihangaishwe na jirani. Ijumaa inayofuata, 26 Machi, ni Ijumaa Kuu: mlo mmoja, midogo miwili, bila nyama.